Aliyeandika barua ya babu ni nani?

Msomaji, je, kwenu kuna sanduku la bati? Lile ambalo watoto hukatazwa kulifungua, ambalo ufunguo wake hufungwa kwenye pindo la leso ya nyanya, na ambalo kila mtu nyumbani ana hadithi yake kuhusu kilichomo? Kwetu, sehemu za Kangundo, sanduku hilo lilikuwa chini ya kitanda cha susu, kama sisi Wakamba tunavyowaita nyanya zetu. Alipofariki, baba na ndugu zake walilifungua wakakuta hati za shamba, kadi za kliniki za watoto ambao sasa ni wazee wenye wajukuu, nyota ya shaba yenye ncha sita, na barua moja iliyokunjwa mara nne.

Barua hiyo nilipewa mimi. "Wewe ndiye mtu wa magazeti," baba aliniambia. "Itunze."

Sote tulijua ni barua gani. Ni ile barua ambayo babu aliandika kutoka Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipokuwa askari wa King's African Rifles, ama Keya kama wazee walivyozoea kusema. Tangu utotoni tulisimuliwa habari zake, ingawa hakuna aliyewahi kuturuhusu kuishika. Nikawaza kuinakili vizuri kwa mashine, nitoe nakala kwa binamu zangu wote, kazi iishe. Kazi ya alasiri moja, nilidhani. Ilinichukua zaidi ya mwaka mzima na bado haijaisha.

Mambo yaliharibika siku ileile ya kwanza. Miongoni mwa karatasi za sanduku kulikuwa na kitambulisho cha babu cha zamani. Mahali pa sahihi palikuwa na alama ya kidole gumba. Nikampigia baba simu.

"Babu alijua kuandika?"

Akacheka. "Babu yako? Barua za chama cha ushirika cha kahawa alikuwa akiniletea mimi nimsomee. Nikiwa darasa la nne."

Basi, msomaji, nikabaki nimeshika karatasi yenye mwandiko mzuri ulioinama kidogo upande wa kulia, mwandiko wa mtu aliyechapwa kwa ajili ya herufi zake shuleni. Na mtu huyo hakuwa babu yangu.

SALAMU NA MBUZI

Hebu kwanza nikusomee sehemu yake. Nimeiacha kama ilivyo, tahajia na yote:

"Kwa mke wangu. Salam nyingi sana. Mimi ni mzima hofu ni kwako na watoto. Pesa natuma kwa DC kila mwezi, je umepata ama hapana? Nijulishe. Ule mbuzi mwekundu usiuze mpaka nirudi. Hapa mvua ilikuwa mingi sana na matope, kila kari inakwama, sasa mvua imekwisha kitoko. Chakula kinaanguka toka ndeke na mwavuli. Kila siku tunakula tawa chungu ya njano, macho yetu yamekuwa njano pia. Tumevuka mto ..... kwa daraja ya chuma inakaa juu ya mashua, refu sana, haina mwisho. Sikukuu ni karibu lakini hapa hakuna sikukuu."

Pale nilipoweka nukta kuna neno lililofutwa kwa wino mzito mweusi. Hiyo ni kazi ya mkaguzi. Barua za askari zilisomwa kabla ya kutumwa, na majina ya mahali hayakuruhusiwa. Ndiyo maana juu ya barua huoni mji wala nchi, bali namba ya askari, herufi E.A. A.P.O. yaani posta ya jeshi la Afrika Mashariki, na SEAC, kamandi ya Kusini Mashariki mwa Asia iliyoundwa mwaka 1943. Jina la mto likafutwa, lakini daraja likaachwa. Maafisa wa Keya walitakiwa wajifunze Kiswahili, lakini huenda huyu chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Au alikuwa amechoka siku hiyo. Vyovyote vile namshukuru, maana daraja ndilo lililonipa tarehe.

Barua haina tarehe, unaona. Lakini mambo yaliyomo yana tarehe zake. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za mwaka 1944. Waingereza waliliita bonde hilo Bonde la Mauti kwa sababu ya malaria na homa nyingine zilizoua watu humo. Barabara zilikuwa uji wa matope, kwa hiyo vyakula na risasi vilidondoshwa kwa miavuli kutoka kwa ndege. Ile "tawa chungu ya njano" ni mepacrine, kidonge cha kuzuia malaria ambacho askari walilazimishwa kumeza na ambacho kweli kiligeuza ngozi kuwa manjano. Tarehe 2 Desemba divisheni hiyo iliuteka mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin. Siku nane baadaye wahandisi wa jeshi walikuwa wamekamilisha daraja la chuma linaloelea, lenye urefu wa futi 1,154. Wakati huo lilikuwa daraja refu kuliko yote ya aina yake duniani.

Mto ni Chindwin. Na kama Krismasi ilikuwa "karibu", basi barua iliandikwa kati ya tarehe 10 na 25 Desemba, 1944. Nilipofikia hapo nilipiga meza kwa furaha mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

MKONO WA NANI?

Tarehe nimepata. Mwandishi je?

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wasikilize hapa, kwa sababu jambo lililonisaidia ni lile ambalo walimu wenu hulipigia mstari mwekundu. Ni makosa ya tahajia. Tazama tena barua: "kari" badala ya gari, "kitoko" badala ya kidogo, "tawa" badala ya dawa. Mkamba wa kale ambaye hakuzoea Kiswahili hatatizwi na herufi hizo. Linalomtatiza ni R. Yeye angeandika "gali" na "balua". Lakini mwandishi wetu ameandika "barua", "daraja" na "nirudi" bila taabu yoyote.

Nilimpelekea nakala mhadhiri mmoja wa Kiswahili ninayemfahamu. Akaisoma mara mbili, akaniambia kwamba mtu anayefanya G kuwa K na D kuwa T anaweza kuwa ametoka magharibi mwa nchi, Mluhya labda, au Mkalenjin. Kisha akanionya. Kiswahili cha Keya kilikuwa na desturi zake, askari waliambukizana matamshi, na mtu mmoja hawezi kuhukumiwa kwa maneno matatu. Nimeliweka onyo lake hapa ili asije akasema nimemnukuu nusunusu.

Lakini kwa nini mtu wa magharibi amwandikie Mkamba? Ukijua jeshi lilivyokuwa, hilo halishangazi hata kidogo. Kwa miaka mingi Waingereza walipendelea kuandikisha katika vikosi vya bunduki watu waliowaona kuwa "wa kivita", na kijana aliyesoma walimtilia shaka. Vita vilipopanuka jeshi likahitaji makarani, watu wa simu na redio, wahudumu wa hospitali na walimu, na hao ilibidi watoke katika shule za misheni. Kutoka Kenya pekee waliingia jeshini watu wapatao 98,000. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Jeshi lilikuwa na kikosi cha elimu, na baadhi ya askari walifundishwa kusoma humohumo kambini, lakini wengine waliendelea kumtegemea mwenzao anayejua kalamu. Jioni mtu huyo hukaa juu ya kreti, na foleni inaanza. Mmoja anauliza habari za mbuzi, mwingine anauliza kama mke wake amejifungua. Na yeye anaandika tu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiipata barua ya askari wa zamani, usikimbilie kuuliza babu alisema nini. Uliza kwanza ni watu wangapi wamo ndani ya karatasi hiyo. Katika yetu nimewahesabu wanne. Yumo babu aliyesema, karani aliyeandika, afisa aliyefuta, na yule aliyemsomea susu, kwani susu naye hakujua kusoma. Mume na mke walizungumza kupitia midomo ya watu watatu wasiohusika, na bado wakakumbuka kutaja rangi ya mbuzi.

MSTARI WA MWISHO

Sasa nikufikishe kwenye jambo lililoninyima usingizi. Chini kabisa, baada ya "wasalaam" na jina la babu, kuna mistari miwili ya herufi ndogo zaidi, kama mtu aliyekuwa akiogopa kutumia karatasi ya mwenziwe:

"Na mimi mwandishi nasalimu. Kama kuna mtu huko anakwenda Ka....... tafatali amwambie mama niko hai. J.W."

Baada ya "Ka" karatasi imekunjika, na kwenye mkunjo huo imelika. Kakamega? Kaimosi, ambako misheni ya Friends ilianza mwaka 1902? Kapsabet? Kabarnet? Yote yaafikiana na maneno ya mhadhiri, nayo yote hayanisaidii. Na J.W. ni nani katika nchi yenye akina John, Joseph, James na Joshua wote hawa?

Neno "niko hai" lilinishika kooni. Mwezi Februari mwaka huohuo meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikiwachukua askari kutoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wakiwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mama mmoja akiwa nyumbani, mwanawe ng'ambo ya bahari, habari za namna hiyo zikija kama uvumi sokoni, unafikiri angelala?

Nikaanza kumtafuta. Nilikwenda makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong hapa Nairobi, ambako kuna Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki wenye majina ya waliokufa bila kaburi linalojulikana, wakiwemo wengi wa meli hiyo. Ni mahali pa kimya, nyasi zimekatwa vizuri, na mabasi yanasikika kwa mbali. Kisha nikaingia katika orodha ya Commonwealth War Graves Commission, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama bure kwenye intaneti. Orodha hiyo ni ya waliokufa tu, na jambo hilo ni kubwa. Nilikuwa nikitafuta jina la mtu huku nikiomba nisilione.

Sikuliona, lakini hilo halithibitishi chochote. Majina ya Waafrika yaliandikwa kila namna. Huyu ana jina moja tu, yule ni fulani mwana wa fulani, na herufi mbili kama J.W. haziwezi kupita katika chujio hilo. Namba ya askari ingesaidia zaidi, kwani ndiyo iliyomfuata popote alipokwenda, lakini namba iliyo juu ya barua ni ya babu. Karani hakuweka yake. Hakuwa yeye mwenye barua.

Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa pale Moi Avenue, lile jengo lililokuwa benki zamani, nimelizoea sasa kama matatu ya kurudi nyumbani. Humo mna ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya, na za miaka ya vita zinasomeka kama riwaya ya mtu mwenye hasira. Niliomba Machakos kwanza, kisha Kavirondo ya Kaskazini, jina la zamani la sehemu za Kakamega, kisha Nandi. Msomaji anayetaka kufuata njia hii ajue kwamba faili huitwa kwa jina la wilaya la wakati ule, si la kaunti ya leo. Mimi nilipoteza siku mbili kabla ya mfanyakazi mmoja mwenye huruma kunieleza. Kumbukumbu za vita za vikosi vilivyokuwa Burma nazo ziko Uingereza, katika National Archives ya Kew, mfululizo wa WO 172. Lakini vitabu hivyo viliandikwa na maafisa. Vinataja vilima vilivyotekwa na mvua iliyonyesha. Aliyekuwa akiwaandikia wenzake barua jioni hawezi kuwemo.

Nikageukia waliosimulia wenyewe. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jenerali China, alipigana Burma na akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Bildad Kaggia alikuwa karani jeshini na chake kikatoka mwaka 1975. Hao walijua kalamu na wakaitumia kwa ajili yao wenyewe. J.W. nijuavyo mimi alituachia mistari miwili, tena kwenye karatasi ya mtu mwingine.

BABU MDOGO

Nilifanya kosa ambalo ninyi msilifanye. Nilimaliza maktaba kabla ya kwenda kwa wazee. Ndugu mdogo wa babu bado yuko, amepita miaka 90, masikio yake mabovu kidogo lakini kumbukumbu kama wembe. Nilipomwendea hatimaye, na sukari na majani ya chai mkononi kama inavyopasa, alinitazama kwa mshangao.

"Barua ya Karani? Si mimi niliyeibeba!"

Alikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi. Barua ilipofika kwa chifu, yeye ndiye aliyetumwa kuichukua, kisha akafuatana na susu hadi kwa mwalimu wa misheni wasomewe. Watu walijaa uani. Mwalimu alisoma kwa sauti, akarudia pale pa mbuzi kwa kuwa watu walicheka. Halafu akafika chini.

"Alipotaja jina la mahali pale, watu waliulizana ni wapi. Hakuna aliyepajua. Hakuna aliyekuwa akienda huko. Mwalimu akaikunja."

"Jina lenyewe, babu?"

Alifumba macho kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa. Mbuzi mmoja alikuwa amepotea siku hiyo, alisema, na mawazo yake yalikuwa huko.

Nilimuuliza kama babu, aliporudi mwaka 1946, hakulitaja jina la rafiki yake. Akasema babu alimwita Karani tu, jina ambalo kikosi kizima kilimwita. Baada ya mto ule mkubwa walipelekwa India kupumzika, wakatenganishwa huko, na babu hakumwona tena. Alisema mara nyingi kwamba atapanda treni kwenda kumtafuta mama yule. Mwaka mmoja ng'ombe wakafa, mwaka mwingine akazaliwa baba yangu.

Ndipo mzee akanieleza jambo ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyelijua. Babu aliporudi salama, na medali yake, aliona karatasi ile haina kazi tena, akataka kuitupa. Susu alimnyang'anya. Alisema ule upande wa juu ni wake mumewe, na mwenyewe amekuja, lakini upande wa chini una mwenyewe naye hajaja. Akaifungia sandukuni. Miaka yote ile tuliyodhani anatunza barua ya mumewe, kumbe alikuwa akitunza salamu za mama mwingine.

Tahadhari ndogo kabla sijanyamaza, kwa wenye masanduku kama letu. Msiibandike barua ya zamani kwa utepe wa gundi, wala msiipeleke dukani kufunikwa kwa plastiki. Utepe hula karatasi, na plastiki haibanduki tena. Ipigeni picha pande zote mbili, mchana, karibu na dirisha, na mnuse hata kwenye mikunjo. Ya kwetu ingepigwa picha miaka 30 iliyopita, pengine "Ka" ingekuwa na mwenzake.

Na wewe, msomaji wa magharibi, uliza nyumbani leo. Kama kwenu kulikuwa na mtu aliyesoma shule ya misheni, akaingia Keya, akafika Burma, jina lake lianze kwa J na la pili kwa W, na mwandiko wake umeinama upande wa kulia, niandikie kupitia gazeti hili. Hata kama kuna daftari lake moja tu la shule, au sahihi yake kwenye kitabu cha kanisa, nitailinganisha. Mama yake hayuko tena, najua, lakini huenda yuko mtu wa ukoo wake wa kupokea salamu hizi. Zilikabidhiwa kwetu mwezi Desemba, 1944, ng'ambo ya mto Chindwin. Alisema mama aambiwe yuko hai.